Nguzo ya Kushoto, Goli la Barabarani

Wote walianza na namba tisa. Kilikuwa kikao cha kuunda timu, ofisi ya mtaa hapa Miyuji, Jumamosi asubuhi, watu wamejaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani. Timu ya kata imepanda, inakwenda kucheza ligi ya kulipwa, na katibu, kijana aliyemaliza chuo juzijuzi, aliuliza swali moja tu: tukianza kusajili, tuanze na nafasi ipi? Wa kwanza akasema mshambuliaji. Wa pili akasema mshambuliaji, tena mrefu. Wa tatu, kinyozi wa pale kona, akasema waletwe wawili, mmoja akiumia mwingine anaingia. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, mguu wa kushoto nimeunyoosha kwa sababu goti halikunjiki, nasaga meno.

Katibu akaniona. "Kaka, wewe ulicheza. Hebu tusaidie."

Kabla sijainuka, kinyozi akapaza sauti: "Kipa, tusaidie, ila usituuze tena!"

Ofisi nzima ikacheka. Akacheka na mzee wa meza ya mbele, mlezi wa timu, aliyekuwa mwenyekiti enzi zetu. Yule ndiye aliyenipa hilo jina. Muuzaji. Ndivyo ninavyoitwa Miyuji tangu wakati ambao serikali ilikuwa bado Dar es Salaam na hapa barabara yetu ni vumbi tupu. Watoto waliozaliwa baada ya ile mechi wananiita Muuzaji, wanadhani niliwahi kuwa na duka.

Mimi nimeishia darasa la saba, Busi, huko Kondoa. Haya naandika kwa mkono na binti yangu anayapiga kwenye kompyuta. Kaniambia, "Baba, majina ya watu weka pembeni." Sawa. Nitawataja kwa vyeo walivyokuwa navyo. Vyeo walivipenda kuliko majina yao.

Nilikuja Dodoma nikiwa kijana wa kubeba magunia ya karanga, nikaonekana nikidaka mchezo wa wapakiaji sokoni, nikachukuliwa. Enzi zile timu yetu ilikuwa haina kitu. Hatukuwa na basi, wala jezi za kubadilisha. Lakini tulikuwa na uti wa mgongo, na hilo ndilo nililotaka kuwaambia wale waliokuwa wanaitaka namba tisa. Namba moja nilikuwa mimi. Namba tano alikuwa Mgogo mmoja wa hapahapa Miyuji, mtoto wa wafugaji, mrefu, mpole nje ya uwanja, ndani ni ukuta. Namba sita alikuwa fundi seremala. Sisi watatu tulicheza pamoja misimu minne. Kona ikipigwa nilikuwa sihitaji kumwita namba tano. Mpira wa nguzo ya karibu ni wake, wa katikati ni wangu, unaodondoka nje ya boksi ni wa seremala. Hatukuandikiwa na mtu. Tulizoeana kwa kugongana vichwa.

"We Mrangi," namba tano alikuwa ananiambia, "ukitoka golini bila kunipigia kelele nitakukanyaga, nikupeleke kwenu Kolo ukachorwe kwenye mawe na wale wa kale."

"Nichorwe nikiwa nimedaka," namwambia. "Wewe utachorwa na ng'ombe."

Timu ilipokaribia kupanda ligi kuu, wakubwa walipagawa. Mwenyekiti akasema tunahitaji mtu wa kufunga. Namba tano akaachwa ili nafasi ipatikane ya mshambuliaji kutoka Dar, kijana wa nywele za kupaka rangi aliyekuja na begi la viatu vitupu. Kocha alijua ni makosa. Kocha, nakutaja: uliniambia mwenyewe pale nyuma ya jiko la kambi kwamba timu inajengwa kuanzia nyuma, ukatikisa kichwa, halafu ukaingia kikaoni ukasema ndiyo mzee. Namba tano alikuja kuchukua viatu vyake akanikuta nimekaa mlangoni. Hakulia wala hakutukana. Alisema, "Nguzo ya karibu mtafute mtu." Basi.

Hawakutafuta mtu. Walitafuta fundi wa dawa.

Hapa lazima nieleze kwa asiyejua. Kila timu ina kamati zake, na kuna ile moja isiyoandikwa popote, inayoshughulikia mambo ya kufukia na kumwaga. Sisemi naamini au siamini. Nimeshawahi kuruka ukuta wa uwanja badala ya kupita getini kwa sababu niliambiwa niruke, nikaruka. Wachezaji wote wanaruka. Kamati yetu walikuwa watatu: Mwenyekiti, Katibu wa wakati ule, na mtunza uwanja. Fundi waliyemleta akawaambia kifukiwe chungu kwenye goli la upande wa barabara, chini ya nguzo ya kushoto, ndani yake kiwemo kitu cha mkono wa kipa wetu. Wapinzani wakianza upande ule, mlango wao utakuwa wazi. Mtafunga matatu kabla ya mapumziko, aliwaambia, kipindi cha pili mtacheza kwa kujifurahisha. Na sharti lilikuwa moja: kipa asijue. Akijua, dawa imekufa.

Unaliona kosa lao? Watu wazima, wamekaa viwanjani miaka thelathini, wanajua timu hubadilishana magoli. Wakachimba shimo golini wakijua kabisa kwamba kipindi cha pili nitakayesimama juu yake ni mimi. Wakasema haidhuru, tutakuwa tumeshafunga matatu.

Wiki ile glavu yangu ya kushoto ilipotea. Nilikuwa na jozi moja tu, na ya kushoto ilikuwa imechanika kiganjani, nimeishona mwenyewe kwa uzi wa kushonea magunia, ule wa nailoni wa bluu. Niligeuza kambi nzima. Katibu akanisaidia kutafuta. Akainama mpaka chini ya vitanda, yule bwana, akapekua na kapu la nguo chafu, ananiambia, "Pole sana mdogo wangu, hapa kambini kuna wezi." Nakuandika hapa, Katibu. Ulikuwa umeshaiweka kwenye chungu. Nilicheza mechi ile na glavu mbili zisizofanana, moja ya kuazima.

Tulihitaji sare tu ili tupande. Siku hiyo upepo wa Agosti ulikuwa unabeba vumbi jekundu, huoni mstari wa kati. Nahodha wetu alishinda sarafu akachagua kama alivyoagizwa: wapinzani waanze goli la barabarani. Dakika arobaini na tano, namba tisa wetu wa Dar alipata nafasi mbili, ya kwanza akapiga nje, ya pili akateleza. Bila bila. Mapumziko nikiwa nakunywa maji, Mwenyekiti akaja akaniinamia sikioni.

"Kipindi hiki kaa katikati. Usiende nguzo ya kushoto."

"Kwa nini, mzee?"

"Fanya unavyoambiwa."

"Mpira ukienda kule je?"

Akanitazama kama mtu anayefanya hesabu kichwani. "Mungu atasaidia," akasema, akaondoka.

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko sala. Alijua. Alikuwa na nafasi ya kuniambia maneno matatu tu: pana shimo pale. Angenionyesha hata kwa kidole. Akaona heri goti langu livunjike kuliko dawa yake iharibike.

Dakika za mwisho wakapata kona. Ikapigwa chini chini, ya nguvu, nguzo ya karibu. Ule ulikuwa mpira wa namba tano. Aliyesukumwa kutoka benchi kujaza namba tano alikuwa amesimama anaangalia kama yuko sinema. Nikaenda mimi. Ardhi ya uwanja ule kiangazi ni ngumu kama sakafu, nilikuwa nimeshadaka juu yake misimu minne, mwili wangu ulijua jinsi ya kuisukuma. Nikasukuma kwa mguu wa kushoto na ardhi haikuwepo. Mguu ukazama mpaka juu ya kifundo, kitu kikavunjika chini ya njumu kama kigae, mwili ukaenda kulia, goti likabaki. Nilisikia mlio wake kabla sijasikia maumivu. Mpira ulipita juu ya vidole vyangu, polepole, ungesema unaniaga.

Nikapiga kelele, "Shimo! Shimo!" Nani asikilize? Filimbi ya mwisho ililia palepale, na jukwaani mtu akasema, "Kauza!" Likashika kama moto wa majani. Kauza, kauza, kauza. Wakaingia uwanjani. Nilipigwa nikiwa chini, mguu umeangalia upande wake, nilipigwa na watu niliokuwa nawasalimia kila siku. Nilipoteza meno mawili na sikio hili la kulia mpaka leo linasikia kama liko ndani ya debe. Aliyeniokoa ni mama aliyekuwa akitupikia kambini. Alinilalia. Mama mnene, Mungu amrehemu, alijitupa juu yangu na kanga yake akawa anapiga yowe: "Niueni mimi kwanza! Ugali wangu mmekula, niueni na mimi!" Wakamwonea haya.

Kesho yake seremala alikwenda kuangalia lile goli. Akalikuta limesawazishwa, limefagiliwa, limemwagiwa maji. Na jioni Mwenyekiti akasimama mbele ya wanachama akasema kwamba uongozi ulifanya kila kitu, namba tisa aliletwa, kambi ilikuwa nzuri, ila kipa alionekana akiongea na mtu wa wapinzani sokoni. Sokoni nilikuwa nakwenda kutafuta glavu.

Mama mpishi aliniambia hospitali. "Mwanangu, siku moja kabla, saa saba mchana, mnakula ule mlenda, nilitoka kumwaga maji nikamwona mtunza uwanja anachimba pale nguzoni, Katibu kashika kikapu. Nikadhani wanakaza nguzo." Hakuweza kuwaambia wengine, alikuwa na watoto watano na jiko lenyewe ni la Mwenyekiti. Simlaumu. Alinilalia, inatosha. Alikufa na ushahidi wake.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukwenda na jembe ukachimba? Fikiri. Mtu anayeitwa Muuzaji, amekutwa na jembe golini. Wangesema nimekuja kuangalia nilichofukia. Basi nikaachana nao. Namba tano alirudi kwenye ng'ombe. Mimi nafyatua matofali ya saruji, kazi ya kusimama mguu mmoja. Mji umekua, majengo ya wakubwa yamejaa, baadhi ya matofali yake ni yangu, na fundi mmoja hakosi kuniambia nikipeleka mzigo, "Muuzaji, haya hujayauza na kwa wengine?"

Sasa rudi kikaoni. Kwa nini nilikwenda, siku ile, mimi ambaye sikukanyaga mkutano wa timu miaka yote hiyo? Nilisikia kwamba ligi imetaka uwanja wa nyasi, na Jumatatu trekta linakuja kulima uwanja wote. Jembe la trekta likipita pale nguzoni, chungu kitakuwa vigae vilivyotapakaa, na mimi nitazikwa nikiitwa Muuzaji. Nilikuwa na siku mbili.

Nikasimama. Nikasubiri kicheko kiishe.

"Mnauliza nafasi ipi," nikasema. "Namba tisa mtampata popote, wamejaa. Anzeni na kipa. Halafu mtafutieni namba tano wake, muwaache wazoeane, msiwatenganishe kwa sababu mmeona mtu anapiga danadana. Halafu namba sita. Hao watatu wakielewana, wengine mnaweza kuwaokota njiani. Ila kuna nafasi moja ambayo haina namba, na hiyo ndiyo iliyoiua timu yetu. Mtunza uwanja."

Mtunza uwanja alikuwemo, amekaa chini karibu na mlango, mzee sasa, fimbo katikati ya magoti. Bado anashika funguo za uwanja ule ule. Nikamgeukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jumatatu trekta linakuja. Waambie kitu gani kitatoka nguzo ya kushoto, goli la barabarani."

Mlezi, yule Mwenyekiti wetu wa zamani, akapiga meza kwa kiganja. "Tupo kwenye usajili hapa! Mambo ya zamani peleka nyumbani kwako."

"Mwache aseme, mzee," akasema katibu kijana. Hakujua anachofungua, lakini namshukuru.

Mtunza uwanja alikaa anaangalia fimbo yake. Nilikuwa nimeshaanza kuinama nichukue kofia yangu niondoke. Ndipo akasema, taratibu, bila kuinua macho: "Chungu. Mimi nilichimba. Katibu wa wakati ule alishika kikapu, ni marehemu. Aliyetutuma ni yule pale." Akanyoosha fimbo kuelekea meza ya mbele. "Kesho yake nilifukia tena kwa amri yake. Wiki nzima silali, nalifikiria hilo trekta. Heri niseme kabla halijasema."

"Mzee, umezeeka vibaya," Mlezi akamwambia.

"Tumezeeka wote," akajibu.

Hapo pakawa na vurugu. Wengine wanasema uongo, wengine wanasema twende. Kinyozi akasema kwa sauti ya dharau, "Haya basi, twendeni tukaone hicho chungu," na nadhani alitaka kuendelea kunicheka uwanjani. Tukatoka, watu kama arobaini, jua la saa tano. Mlezi alisema anakuja nyuma na gari.

Mtunza uwanja alipima hatua mbili kutoka nguzoni akachora duara kwa fimbo. Akataka kuchimba mwenyewe. Kinyozi akamnyang'anya jembe. Alichimba akiwa na maneno, kisha maneno yakapungua, kwa sababu pembeni ardhi ilikuwa inalia kama bati na pale katikati jembe lilikuwa linaingia bila kugoma. Kiasi cha mkono mmoja chini akakuta kigae, halafu kingine, kuta za chungu zimesimama, mdomo umebomolewa.

"Hapo juu alipita mguu wangu," nikasema.

Kinyozi akaingiza mkono akatoa mchanga, mkaa, kitu kama pembe, na mwisho akatoa tambara lililokakamaa, limeoza, halina rangi. Alitaka kulitupa. Nikamwambia, "Lipanguse." Akalipangusa kwenye suruali yake. Vidole viwili vya glavu vilikuwa bado vipo, na kiganjani uzi wa bluu, ule wa magunia, mishono yangu mibayamibaya, imekaa kama nilivyoishona.

Nikatoa mkono wangu wa kushoto nikauweka kando yake. Sikuwa na haja ya kusema, kila mtu pale alikuwa ameshaisikia hadithi ya kipa aliyedaka na glavu mbili tofauti. Kwa miaka yote waliisimulia kama ushahidi kwamba nilikuja siku ile sijajiandaa, nimeshauza.

Nilitazama barabarani. Gari la Mlezi lilikuwa halijaja, wala halikuja.

Watu hawajui kuomba radhi wakiwa wengi. Mmoja aliniambia pole. Mwingine alisema, "Kumbe," akarudia, "kumbe." Mtunza uwanja alikaa juu ya udongo aliowahi kuufukia yeye mwenyewe akalia, na mimi sikumfariji. Nilimshukuru kwa kusema. Kumsamehe ni jambo lingine, goti hili linaniamsha kila masika.

Mlezi alinipigia simu siku ya pili. Sauti laini. "Mdogo wangu, tumetoka mbali. Hii tuimalize mimi na wewe, kiutu uzima. Njoo nyumbani tunywe chai."

"Hukunitangaza tukinywa chai, mzee. Ulisimama mbele ya wanachama."

"Unataka nini sasa?"

"Simama tena. Pale pale. Useme sikuuza."

Akakata. Hajasimama mpaka leo ninapoandika. Amejiuzulu ulezi kwa sababu za kiafya, wamesema kwenye tangazo, na wamemshukuru kwa mchango wake. Ndiyo sababu naandika mimi.

Jumatatu trekta lilikuja likalima. Nilikwenda kuangalia. Kinyozi alikuwepo, ameegemea ukuta, akaniona nachechemea akaanza, "Mu..." akameza. Akasema, "Kipa, kuna kiti hapa." Nikakaa. Katibu kijana akaja na daftari lake, akaniuliza kama niko tayari kuwachagulia mlinda mlango. Nikamwambia nitamchagua, kwa sharti kwamba kila siku ya mechi, kabla timu haijaingia, kipa huyo aachwe apite golini peke yake, agonge ardhi yote kwa kisigino, nguzo hadi nguzo, na asiwepo kiongozi yeyote wa kumwambia asiguse.

Akaandika.